Cherehani peke yake haitoshi

Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, izinduliwe Dodoma mwanzoni mwa 2025, kuna kauli inayorudiwa kwenye vikao vya wazazi, kwenye redio na hata kwenye vijiwe vya kahawa: sasa watoto wetu watatoka shuleni na stadi za maisha. Wanaosema hivyo wanauzungumzia mkondo wa amali, ambao mwanafunzi wa sekondari anajifunza ushonaji, umeme, ujenzi, kilimo au mapishi huku akiendelea na masomo mengine. Mkondo huo nauunga mkono kwa moyo wote. Ninachokipinga ni imani kwamba ukishamkabidhi kijana ufundi, umeshamkabidhi na stadi za maisha. Fundi anaweza kushona suti ikakaa mwilini bila kosa, na bado akashindwa kuishi kwa kazi hiyo, kwa sababu hajui kukadiria muda, hawezi kumkatalia mteja, fedha ya kazi na fedha ya nyumbani anaziweka mfuko mmoja, na siku akichelewa anazima simu. Hizo ndizo stadi ninazozizungumzia. Hazinunuliwi pamoja na vifaa vya karakana, na mtu hazipati mpaka azifanyie mazoezi huku upande wa pili kuna mtu halisi anayemsubiri.

Mtaala mpya ulianza kutekelezwa kwa awamu Januari 2024. Elimu ya lazima imekuwa ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari, na mtoto akimaliza darasa la sita ataingia mkondo wa jumla au wa amali. Shule chache zilianza na amali mwaka huohuo, kwa hiyo vijana wake wa kwanza watafika kidato cha nne mwaka 2027. Mwaka huo darasa la sita la mtaala mpya na la saba la mtaala wa zamani watamaliza pamoja, na sekondari zitapokea makundi mawili kwa mpigo. Ndiyo maana mjadala umezama kwenye idadi ya madarasa, walimu wa ufundi, mashine na umeme wa kuziendesha. Ni mjadala wa haki, maana wanafunzi arobaini wakigombea cherehani tatu hakuna atakayejua kushona. Lakini katika kuhesabu mashine tumesahau kuuliza ni mtu wa namna gani atakayekaa nyuma ya cherehani. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa stadi za maisha mwanzoni mwa miaka ya 1990, liliorodhesha kumi: kufanya uamuzi, kutatua matatizo, kufikiri kwa ubunifu, kufikiri kwa kuhakiki, kuwasiliana, kuishi vizuri na watu, kujitambua, kuhisi anachohisi mwenzako, kuzimudu hisia na kuumudu msongo wa mawazo. Humo hamna randa, hamna spana wala sindano. Na mwongozo huo ulisisitiza kwamba stadi hizo hujifunzwa kwa kushiriki na kufanya, hazimwagwi kichwani kwa mhadhara.

Kuchanganya mambo haya mawili tumekufanya kabla. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka kila shule iwe na shamba au karakana yake. Wengi wanakumbuka shamba. Wanachosahau ni kwamba alitaka wanafunzi washiriki kupanga na kuamua, hesabu zitunzwe vizuri, na wao wenyewe waone faida ya jasho lao. Katika shule nyingi sehemu hiyo ilidondoka njiani, likabaki jembe. Aliyechelewa namba alipelekwa kulima, aliyepiga kelele darasani alipelekwa kulima, na mavuno yakienda wapi mwanafunzi hakuambiwa. Kizazi kizima kilijua kushika mpini na hakikuwahi kukaa kikao cha kuamua tupande nini, kiasi gani, na tukipata hasara tufanyeje. Miaka ya 1970 ikaja michepuo ya sekondari: kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Mwaka 1985 Benki ya Dunia ilitoa utafiti uliolinganisha wahitimu wa michepuo ya aina hiyo na wenzao wa masomo ya kawaida, Kolombia na hapa Tanzania, na haukupata ushahidi wa kuridhisha kwamba mchepuo uliwapa wahitimu nafasi bora kwenye soko la kazi. Sababu zilikuwa nyingi, uchumi wa wakati ule ukiwa mojawapo, na sidai kwamba zote zinatokana na hoja yangu. Ila funzo moja liko wazi: jina la fani kwenye cheti halimfanyi mtu aweze kuishi kwa fani hiyo.

Tuuchukue ushonaji, kwa kuwa karibu kila msomaji ana fundi wake na ana kisa chake. Umepeleka kitambaa wiki tatu kabla ya sikukuu. Umepimwa, umelipa advansi, umeambiwa uje Jumamosi. Jumamosi unaambiwa nguo imeshakatwa, imebaki kuunganisha. Jumatatu imebaki ovaloki, lakini mashine ya ovaloki imepelekwa kwa fundi. Jumatano vimebaki vifungo tu, njoo saa kumi. Saa kumi unasogea mpaka mezani na kukiona kitambaa chako chini ya meza, kwenye mfuko uleule uliokuja nao, kimekunjwa vilevile ulivyokikunja wewe, na karatasi ya vipimo imebanwa kwa pini juu yake. Mkasi haujakigusa. Fundi mwenyewe yuko mbioni kumalizia gauni la mama aliyefika asubuhi na kusimama mlangoni kwa sauti ya juu. Mkesha wa Idi utakesha naye kibarazani, na nguo utaipata saa saba za usiku, na itakuwa imeshonwa vizuri: shingo imekaa, pindo limenyooka, mikono iko sawa. Ufundi alikuwa nao tangu mwanzo.

Watu husema fundi ni mwongo, wanaishia hapo. Nadhani wanakosea, na kosa hilo ndilo linalotufanya tutafute dawa isiyofaa. Ukiangalia fedha inavyotembea kwenye kibanda kile utaona kitu kingine. Advansi ya mteja wa tatu ndiyo inayonunua uzi na zipu za mteja wa kwanza, na ndiyo iliyonunua unga jana jioni. Kwa hiyo mteja wa nne akija na kitambaa, kumwambia hapana ni kukosa fedha ya leo. Fundi anapokea. Kila ahadi anayotoa ni deni alilokopa kwa mteja mmoja ili alipe deni la mwingine, na deni hilo halilipwi kwa fedha, linalipwa kwa usiku wake na kwa jina lake. Ni mzunguko uleule wa mikopo ya kausha damu, ambako mtu anachukua mkopo wa pili kulipa rejesho la kwanza. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipofungia programu 69 za kukopesha mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, wengi walisema kinachohitajika ni kuwafundisha watu kukokotoa riba. Wakopaji wengi wanaijua riba ilivyo kali. Walichokosa ni uwezo wa kuona wiki tatu mbele wakati tumbo la leo linauma, na uwezo wa kumwambia ndugu, rafiki au mteja, mapema na kwa heshima, kwamba hili sitaliweza.

Kutoka kwenye mzunguko huo kunahitaji mambo kadhaa yaende pamoja. Fundi lazima ajue kwa uhakika gauni la bitana linamchukua saa ngapi, maana asipojua hawezi kujua wiki imejaa lini. Akishajua, lazima awe na moyo wa kusema sipokei tena. Akisema hivyo, lazima advansi alizokwisha kuzipokea ziwe zimekaa mahali pengine, hata kama ni laini ya pili ya simu isiyotumika kwa mboga na nauli, ili kutopokea kusimlaze njaa. Na ikitokea amekwama kweli, lazima ampigie mteja siku mbili kabla, asisubiri mteja afike. Mbagala yuko mama mmoja fundi ambaye kila mwaka, likiingia kumi la mwisho la Ramadhani, anabandika karatasi mlangoni: tumefunga kupokea vitambaa. Wateja hununa, wengine humwambia ana maringo. Nilipomuuliza alijifunzia wapi, hakutaja chuo wala semina. Alisema alipokuwa mwanafunzi kwa fundi wake, yeye ndiye aliyekuwa akiachwa peke yake kibandani kuwakabili watu waliokuja kuchukua nguo ambazo hazijaguswa. Sikukuu mbili za kutukanwa kwa makosa ya bosi wake, akaapa kibandani kwake mtu hatasimama vile.

Kabla hatujasema kwamba udhaifu huu ni wa mafundi wetu, au wa Waafrika, kama wengine wanavyopenda kusema, kuna utafiti unaofaa kukumbukwa. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada, waliokuwa wakiandika tasnifu zao za mwisho, watamaliza lini. Kwa wastani walitabiri siku 34 hivi. Ikawachukua zaidi ya siku 55, na waliomaliza ndani ya muda waliojitabiria hawakufika hata theluthi moja. Hawa ni wasomi, wana maktaba, umeme haukatiki na hakuna mteja anayewapigia kelele mlangoni. Watafiti walieleza kwamba mtu akitabiri huitazama kazi iliyo mbele yake anavyotaraji iende, na haiangalii ile ya jana ilivyokwenda. Walipowafanya washiriki waunganishe kazi mpya na uzoefu wao wa nyuma, utabiri wao ukakaribia ukweli. Maana yake, kukadiria muda ni kitu kinachofundishika, na chombo chake ni kumbukumbu iliyoandikwa. Fundi akiandika kwenye daftari lake la vipimo saa aliyoanza na saa aliyomaliza kila nguo, baada ya miezi michache atakuwa na jibu la kumpa mteja lisilotokana na matumaini.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu inasema hivi: unamlaumu maskini kwa umaskini wake. Fundi hana mtaji, umeme unakatika katikati ya mshono, wateja wenyewe hawalipi salio kwa wakati, kodi ya fremu inadaiwa ya miezi sita kwa mkupuo, halafu wewe unamhubiria nidhamu ya daftari. Hoja hii ina ukweli mwingi na sina nia ya kuipunguza. Hakuna stadi ya maisha inayorudisha umeme, na serikali inayotumia maneno ya stadi za maisha kukwepa kuweka nguzo na kutoa mikopo nafuu inastahili kupingwa. Lakini fedha peke yake nayo tumeiona. Mikopo ya halmashauri ya asilimia kumi, nne za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuonyesha mabilioni ambayo hayakurejeshwa. Palikuwa na vikundi hewa na usimamizi mbovu, na hilo ni kosa la waliosimamia. Palikuwa pia na vikundi vya kweli vyenye ufundi wa kweli, vilivyovunjika kwa ugomvi wa nani ashike fedha na nani alisema nini.

Ushahidi ninaouona una uzito zaidi unatoka Togo. Mwaka 2014 wafanyabiashara wadogo 1,500 wa jiji la Lomé waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Theluthi moja walifundishwa biashara kwa njia iliyozoeleka: kutunza vitabu, kutafuta masoko, kusimamia wafanyakazi. Theluthi nyingine walifundishwa kujianzishia jambo bila kusubiri, kuangalia mbele, kujiwekea malengo, kupokea maoni na kuendelea wanapokwama. Waliobaki hawakufundishwa kitu. Makundi mawili ya mwanzo yalipata saa 36 za darasani, kisha kila mwezi kwa miezi minne mkufunzi akamtembelea kila mmoja pale pale anapofanyia kazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: baada ya zaidi ya miaka miwili, faida ya kundi la pili ilikuwa imepanda kwa asilimia 30 kulinganisha na wasiofundishwa. Ya waliofundishwa vitabu vya hesabu ilipanda kwa asilimia 11 tu, kiasi ambacho kitakwimu hakikuweza kutofautishwa na bahati. Wanawake wa kundi la pili walipanda kwa asilimia 40. Umeme wa Lomé ulikuwa uleule kwa wote. Mtaji ulikuwa uleule. Kilichotofautiana ni kile walichozoezwa kufanya, na kwamba kuna mtu alirudi kuangalia kama wanakifanya.

Wapo wanaosema haya ni ya nyumbani, shule isiyaingilie. Tulikuwa na jando na unyago, tulikuwa na madrasa, tulikuwa na bibi. Ninaheshimu hoja hii kwa sababu anayeitoa anajua kitu ambacho watunga mtaala mara nyingi hawakijui, kwamba tabia inajengwa kwa kuishi na watu kwa muda mrefu na haijengwi kwa vipindi vya dakika arobaini. Mtoto aliyelelewa vizuri atajua kusalimia, kushukuru na kutochukua cha mtu, na hayo ni msingi mkubwa. Ila nyumbani kuna kitu ambacho sokoni hakipo: ukikosea unasamehewa kwa kuwa wewe ni mtoto wetu. Shangazi atasubiri nguo yake mwaka mzima na bado atakuita baba. Kushughulika na mtu usiyemjua, ambaye amekupa fedha yake na hana sababu ya kukuvumilia, ni uwanja mwingine, na hata mtoto mwenye adabu anaweza kuufikia akiwa hajui pa kuanzia. Tena mara nyingi adabu yenyewe inamponza. Amefundishwa kutomkatalia mkubwa, basi mteja mwenye umri wa mama yake akimwomba aingize gauni moja zaidi, ataitika, na kesho yake anaanza kujificha. Kukataa kwa heshima ni kitu cha kufundishwa, na cha kurudiwa mpaka mdomo ukizoee.

Hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayopigiwa makofi zaidi, ni ile ya viboko. Vijana wa siku hizi hawana nidhamu, wanasema, turudishe fimbo iliyonyooka na hizo stadi zitakuja zenyewe. Kwanza fimbo haikuondoka: kanuni zetu bado zinaruhusu viboko visivyozidi vinne kwa idhini ya mkuu wa shule, na kila mtu anajua kinachofanyika zaidi ya hapo. Kama fimbo ingezalisha mafundi wa kutimiza ahadi, tungekuwa nao wa kujaza Kariakoo nzima, maana hao wanaotuzungusha leo walichapwa kweli kweli. Pili, na hili ndilo la msingi, mtu aliyezoezwa kwa fimbo anafanya kazi akiwa anatazamwa. Anajifunza kuficha kosa, kutafuta wa kumsingizia, na kusema bado vifungo tu, kwa sababu katika maisha yake yote kusema ukweli mapema kulimletea maumivu mapema. Fundi yuko peke yake kibandani saa tano za usiku, hakuna mwalimu wa zamu. Tukitaka aseme ukweli kabla ya kuulizwa, lazima awe ameshawahi kuusema mahali ambapo ukweli ulimsaidia kurekebisha jambo.

Njia ya pili isiyofika ni kuongeza kipindi kwenye ratiba. Kenya walikuwa na somo la stadi za maisha tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, na kwa kuwa halikuwa na mtihani, kipindi chake kililiwa na Hisabati na masomo mengine yanayopimwa. Mtaala wa umahiri ukalirudisha kwa sekondari ya chini, kisha mwaka 2024 masomo yalipopunguzwa kutoka 14 hadi 9 likaunganishwa na Maarifa ya Jamii. Sisi tumewahi kuwa na Haiba na Michezo shule za msingi, likapita, na sasa tunayo Historia ya Tanzania na Maadili. Somo lisipopimwa linaporwa kipindi, na likipimwa kwa karatasi mwanafunzi anakariri faida tano za uaminifu na kuzimwaga. Semina za hamasa zinazojaza kumbi siku hizi zina kasoro inayofanana: mtu anatoka na moto, na moto huo hauna kazi ya kufanya Jumatatu asubuhi. Sisemi hazina maana kabisa. Lakini hakuna anayejifunza kuogelea kwa kusikiliza habari za maji.

Yanayotokana na haya ni ya kivitendo, na mengine hayahitaji bajeti mpya. Karakana ya shule ya amali ipokee oda za kweli kutoka kwa watu wa kweli: sare za shule ya jirani, viti vya zahanati, maandazi ya kikao cha kata. Oda iandikwe tarehe na jina la mwanafunzi anayewajibika, na ikichelewa yeye ndiye apige simu, mwalimu akiwa pembeni anamsikiliza na baadaye akae naye wajadili alivyosema. Elimu ya Biashara, ambayo imo kwenye mtaala mpya, ifundishwe kwa daftari la oda hizohizo badala ya mifano ya maduka ya kubuni. Alama zitolewe kwa mshono na kwa siku ya kukabidhi pia. Kisha kila mwanafunzi akae muda wa kutosha kwa fundi wa mtaani, kama spana boi anavyokaa gereji na saidia fundi anavyokaa saiti, kwa sababu huko ndiko atakakoona mteja akikasirika na jambo likatengenezwa au likaharibika. Najua tatizo litakalotajwa: kwa baadhi ya mafundi kijana atajifunza uzungushaji uleule. Ndiyo sababu lazima kuwe na mwalimu anayezunguka kuwatembelea, kama wakufunzi wa Lomé walivyofanya, na mafundi wachaguliwe kwa sifa yao mtaani, ambayo wateja wao wanaijua vizuri kuliko ofisi yoyote. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi ambayo imekuwepo tangu 1994, tayari ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Utaratibu huo ukianza kumuuliza fundi anavyopanga wiki yake na anavyomjibu mteja aliyecheleweshewa, pamoja na anavyokata kitambaa, utakuwa umewapa vijana walimu walio tayari katika kila kata.

Sisi tuliomaliza shule zamani hatuna mtaala wa kusubiri, na tunazihitaji stadi hizi kama fundi anavyozihitaji. Mhasibu anayesema ripoti itakuwa tayari Ijumaa huku akijua haitakuwa, bodaboda anayesema nimeshafika hapo kona wakati bado anakunywa chai, mwandishi anayechelewesha makala, wote wako kibanda kimoja. Ushauri wangu ni mtu achague stadi moja na kuikalia kwa miezi, kwa sababu anayejaribu kujigeuza mzima kwa mpigo huchoka wiki ya pili. Kama ni kukadiria muda, andika makadirio yako kabla ya kazi na muda halisi baada yake, kila siku, na usibadili kingine chochote mpaka uione tofauti ilivyo. Kama ni kukataa, anza na mambo madogo ambayo hayatamuumiza mtu, na useme sababu moja ya kweli bila kuipamba. Kama ni fedha, tenga ya watu na yako kabla hujaigusa, hata ikiwa ni shilingi elfu mbili. Na tafuta mtu mmoja atakayekuuliza unaendeleaje. Hiyo ndiyo nguvu ya vikoba, vikundi vya kuweka na kukopeshana fedha, ambavyo kwa miaka mingi vimewazoeza akina mama wasio na cheti chochote kusimama mbele ya wenzao na kusema nimeleta au sijaleta, na kama sijaleta, nitaleta lini.

Mzazi anayekwenda kuitazama shule ya amali kabla ya kumpeleka mwanawe ataonyeshwa mashine, na azitazame kweli, ahakikishe zinafanya kazi. Akimaliza aombe daftari la oda. Aangalie kazi ngapi zilipokelewa muhula uliopita, ngapi zilitoka siku iliyoahidiwa, na zilizochelewa, nani alimpigia mteja. Kama daftari hilo halipo, amuulize mkuu wa shule kwa nini halipo, na aiulize bodi ya shule swali hilohilo kwenye mkutano wa wazazi, wengine wakisikia.